Kizimba cha 45

Ijumaa moja baada ya swala mpwa wangu, aliye kidato cha tatu hapa Malindi, alinijia barazani na karatasi mkononi, uso ameukunja.

"Shikamoo mjomba. Wewe si ndiwe mtu wa hesabu za chuoni? Hebu nitazamie hii, leo siku ya tatu yanitoa jasho."

Niliitwaa karatasi nikaiweka juani. Ilikuwa sudoku, lakini si ile ya kawaida ambayo msomaji ameizoea kuiona magazetini kando ya fumbo la maneno. Ile ya kawaida humpa mtu tarakimu kadhaa za kuanzia, naye akazijaza zilizobaki, 1 hadi 9, pasiwe na tarakimu iliyorudiwa katika mstari wa kulala, wala wa kusimama, wala ndani ya kila mraba mdogo wa vyumba 9. Hii ya binti haikuwa na tarakimu hata moja ndani yake. Vyumba vyote 81 vitupu. Badala ya tarakimu, vyumba vimezungushiwa nukta nukta, viwili viwili, vitatu vitatu, mfano wa vizimba vya kuku, na pembeni mwa kila kizimba pameandikwa jumla. Ukiambiwa 17, basi vilivyomo vikijumlishwa vitoe 17, na tarakimu isirudiwe katika kizimba kimoja. Hayo tu ndiyo uliyopewa; mengine yote utafute mwenyewe.

Mchezo huu umetembea kama jahazi. Sudoku yenyewe ilibuniwa na Mmarekani mmoja, msanifu wa majumba, Howard Garns, ikachapishwa kwao mwaka 1979. Mwaka 1984 Wajapani waliipokea, na Maki Kaji wa jarida la Nikoli akaipa jina hili la Kijapani tunalolitumia leo. Bwana huyo alifariki mwaka 2021. Mwishoni mwa mwaka 2004 gazeti la The Times la London lilianza kuichapa, ikaenea dunia nzima. Aina hii ya vizimba na jumla nayo ilitoka Japani, ikafika katika gazeti hilo hilo mwaka 2005, na Waingereza wakaiita Killer, yaani muuaji. Kwa jinsi binti alivyokuwa akihema pale barazani, sikuona kuwa jina hilo limetiwa chumvi.

Karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa kufutwa na kuandikwa upya. Nikamwuliza, "Hii 6 hapa, umeijuaje?"

"Nimejaribu tu, mjomba."

Hapo ndipo kosa lilipo, na si lake peke yake. Vijana wengi huuchukua mchezo huu kama karata: weka, ona, toa. Wapo na wazee wanaouogopa kwa sababu hiyo hiyo, wakadhani una harufu ya kamari. Hauna. Hamna kete ndani yake, hamna dau, na bahati haina pa kuingilia. Kila chumba kina jibu moja tu, na jibu hilo hulazimika.

Tukaanza na kona ya juu kushoto. Vizimba vinne viliushika mraba ule mdogo. Cha kwanza kina vyumba viwili, jumla 4. Cha pili viwili, jumla 17. Cha tatu vitatu, jumla 13. Cha nne kina vyumba vitatu, jumla 16, lakini kimetoa mguu nje: viwili vimo ndani ya mraba, kimoja kimeingia kwa jirani. Binti alikuwa ameandika 6 na 5 katika vile viwili vya ndani.

Nikamwambia, weka kalamu chini. Tarakimu 1 hadi 9 ukizijumlisha unapata ngapi? Akahesabu kwa vidole. 45. Basi mraba huu lazima uwe 45, usizidi wala usipungue. Sasa jumlisha vizimba vyote vinne: 4 na 17 na 13 na 16 ni 50. Hizo 5 zilizozidi zimekwenda wapi? Akatazama, akatabasamu. Zimo katika kile chumba kilichotoka nje. Kwa hiyo pale nje ni 5, hata hatujaandika kitu ndani.

Kisha tukarudi ndani. Vyumba viwili vyenye jumla ya 4 haviwi ila 1 na 3, kwani 2 na 2 ni kurudia. Vyenye jumla ya 17 haviwi ila 8 na 9. Zimebaki 2, 4, 5, 6 na 7. Kizimba chenye mguu nje ni 16. Toa 5, ndani zimebaki 11. Kati ya zile tano, 11 hupatikana kwa 4 na 7, au kwa 5 na 6. Lakini 5 tayari imo katika kizimba hicho, kule nje, nayo hairudiwi. Basi ni 4 na 7, na kizimba cha mwisho ni 2, 5 na 6, jumla 13 kama ilivyoandikwa. Hatukubahatisha hata mara moja. Kipi kimekaa wapi ndani ya kizimba chake, hilo huamuliwa na mistari inayopita.

Binti aliifuta ile 6 yake, akaniuliza nimejifunzia wapi. Hapo nikanyamaza kidogo, maana jibu lake lina aibu ndani yake.

Nilisoma chuo kwa mjomba wangu, Takaungu. Asubuhi Kurani, alasiri, kwa wale waliokwisha kuhitimu, hesabu za abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, hivyo hivyo mpaka ghaini, 1000. Tulizisoma kwa sauti ya kuimba, abjadi, hawazi, huti, na mwenye kukosea alirudia peke yake. Siku moja alichora mchangani mraba wa vyumba 9 akatutaka tuweke 1 hadi 9, kila mstari uwe 15: wa kulala, wa kusimama na wa mshazari. Tulihangaika mpaka magharibi. Tulibahatisha, tukafuta mchanga, tukabahatisha tena.

Kesho yake hakutupa jibu. Alituuliza tu: mistari mingapi hupita katikati? Minne. Minne mara 15 ni 60. Katika hesabu hiyo kila chumba kimeingia mara moja, ila cha katikati kimeingia mara nne. Na vyumba vyote pamoja ni 45. Basi toa 45 katika 60, zimebaki 15, nazo ni zile mara tatu zilizozidi za chumba cha katikati. Chumba hicho ni 5, hakiwi kingine. Kisha akatuuliza juu ya 1. Inaingia 15 kwa njia ngapi? Mbili tu, pamoja na 5 na 9, au pamoja na 6 na 8. Lakini kona hupitiwa na mistari mitatu, kwa hiyo 1 haiwezi kukaa kona. Tukaendelea hivyo mpaka mraba ukajijaza wenyewe: juu 4, 9, 2, chini yake 3, 5, 7, chini kabisa 8, 1, 6. Katika kona mna 2, 4, 6 na 8, nazo kwa herufi ni be, dali, wau na he, ndipo likapatikana lile neno buduhu ambalo wengi wameliona katika hirizi bila kujua limetoka wapi.

Na wale watu wa zamani walipenda kutaja jambo moja. Jina la Adamu kwa Kiarabu ni alifu, dali, mimu: 1 na 4 na 40, jumla 45. Hawa ni he, wau, alifu: 8 na 6 na 1, jumla 15. Mraba mzima ni Adamu, kila mstari ni Hawa. Mimi sijengi itikadi juu ya hilo, ila kwa mtoto wa miaka kumi lilikuwa tamu kuliko halua.

Elimu hii si ya vichochoroni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja mraba wa 15 katika kitabu chake cha Al-Munqidh, na kwamba ulitumiwa kwa mwanamke aliyezidiwa na uchungu wa uzazi. Shekhe Muhammad al-Kishnawi, mtu wa Katsina katika nchi ya Wahausa, aliyefia Kairo mwaka 1741, alitunga kitabu kizima juu ya namna ya kuijenga miraba hii, mikubwa kwa midogo. Kwetu pwani iliandikwa kwa zafarani katika makombe na kushonewa ndani ya hirizi, na hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Wako mashekhe wanaosema kutegemea karatasi ni ushirikina, na hoja yao nzito. Sina ubishi nao. Ninachosema ni kuwa 15 haikufanya kosa lolote.

Mjomba alifariki mwaka 1994. Aliacha kasha, na ndani yake madaftari mawili ya miraba, ya tatu kwa tatu, ya nne kwa nne, hadi ya tisa kwa tisa, na pembeni kwa hati za Kiarabu ameeleza kila kimoja hupatikanaje. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka kusoma, kichwa kimejaa moto. Nikaiambia familia kuwa haya hayafai kukaa nyumbani mwa Mwislamu. Hakuna aliyenibishia. Kwa kuwa yalikuwa na majina ya Mwenyezi Mungu hatukuyachoma. Tuliyafunga kwa kitambaa, tukatia jiwe, nami mwenyewe nikaingia mtumbwini nikayazamisha katika mkono wa bahari pale Takaungu. Nilirudi nikijiona nimefanya jambo kubwa.

Tangu hapo nimetunga mashairi mengi. Mshororo wa mizani 16, nane na nane, ni kizimba pia: jumla umepewa, vina umepewa, na neno moja tu ndilo linaloingia. Mara nyingi neno likinikataa hukumbuka ule mchanga wa Takaungu, na swali la mjomba: mistari mingapi hupita hapa? Lakini mraba wa nne kwa nne sijui tena alivyoujenga. Nilikuwa mvivu wa kunakili, nikitegemea daftari lipo.

Hayo nilimweleza binti kwa ufupi. Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo familia nzima haikuniuliza mwaka ule.

"Kwani mjomba, hamkutoa hata nakala?"

Nikamwambia hatukutoa. Akafungua daftari lake la hesabu, ukurasa wa nyuma, akanipa kalamu. Nikamwandikia mraba wa 15, herufi upande mmoja, tarakimu upande wa pili, na chini yake ile hesabu ya 60 toa 45. Aliuangalia kitambo, halafu akarudi kwenye karatasi yake ya vizimba. Hadi adhana ya alasiri alikuwa amebakisha mraba mmoja wa katikati, na hakutaka nimsaidie.