Seli za Paja Ndani ya Moyo

Mshipa unaoulisha moyo uzibapo, sehemu ya misuli yake hufa kwa kukosa oksijeni, na mahali pake hufanyika kovu. Misuli ya moyo wa mtu mzima haioti upya ila kidogo mno. Ndipo wataalamu walipojiuliza: je, haiwezekani kupanda seli nyingine katika kovu hilo, kama mkulima arudishiavyo mbegu mahali zisipoota?

Mwezi wa Juni 2000, mjini Paris, daktari mpasuaji Philippe Menasché na wenzake walijaribu. Walichukua seli changa za misuli kutoka paja la mgonjwa mwenyewe, wakazizidisha katika maabara, kisha wakazidunga moyoni mwake. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, maana mwili haukatai seli zake wenyewe. Lakini kati ya wagonjwa 10 wa kwanza, 4 walipatwa baadaye na mapigo ya kasi ya hatari, ikabidi wawekewe mwilini chombo kidogo cha umeme cha kuurudisha moyo katika mwendo wake.

Sababu yake yafaa ifahamike vizuri. Seli za moyo hazipigi kila moja kwa hiari yake. Zimeunganishwa kwa vijitundu vya protini, na umeme hupita humo kutoka seli hadi seli, hata moyo wote ukajikaza kwa utaratibu mmoja. Seli ya paja ikomaapo huacha kutengeneza vijitundu hivyo, kwani kazi yake ni kungoja amri ya neva. Basi mle moyoni iliishi, lakini haikusikia mdundo wa jirani zake. Mkondo wa umeme ukikuta kundi la seli kama hizo huweza kulizunguka, ukarudi ulikotoka, ukazunguka tena na tena.

Basi dawa ni kutumia seli za moyo halisi? Mwaka 2014 kundi la Charles Murry, huko Seattle, Marekani, liliwapandikiza kima seli za moyo zilizokuzwa kutokana na seli za kiinitete cha binadamu. Safari hii seli ziliungana na jirani zake. Hata hivyo kima walipatwa na mapigo ya ovyo, ingawa hayakuwaua: seli hizo bado changa, nazo huweza kupiga zenyewe bila kungoja zamu. Katika wanyama wadogo wa maabara hatari hiyo haikuwa imeonekana. Yadhaniwa kwamba moyo wa panya, upigao zaidi ya mara 300 kwa dakika, huzitangulia seli ngeni kila zinapotaka kuanza.