Mkanda wa Jipsamu: Jiwe Lenye Maji Ndani

Inua macho pale ukuta unapokutana na dari. Nyumba ikiwa imemaliziwa kwa jipsamu, utaona mkanda mweupe wenye mifuo na maua, umezunguka chumba kizima. Wengi hudhani ni urembo mtupu. Urembo upo, lakini mkanda una kazi nyingine: kuficha ufa. Dari imeshikwa na mbao, ukuta ni tofali. Kiangazi na masika, mbao hutanuka na kunywea kwa namna yake, tofali kwa namna yake, na panapopasuka ni pale vinapokutana, hata fundi awe hodari vipi.

Mkanda huo ulikuwa jiwe liitwalo jasi, linalochimbwa Makanya wilayani Same, Itigi na Kilwa. Ukilishika ni kavu kabisa, kumbe takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Likipikwa kwa joto la kama nyuzi 150 za Selsiasi, robo tatu ya maji hayo hutoka na jiwe husagika kuwa unga. Uurudishie unga maji, na baada ya dakika chache fuwele mpya nyembamba kama sindano huota na kushikana, hadi ndoo ikapata joto. Uji huo ukiganda hutanuka kidogo mno, ndiyo maana hata ua dogo kwenye kalibu hutoka likiwa kamili.

Mtazame fundi mzuri kabla hajachanganya: kwanza anaosha ndoo. Mabaki ya mchanganyiko wa jana ni fuwele zilizokwisha kuota, na fuwele mpya hukimbilia kujishikiza hapo, basi uji huganda kabla haujafika ukutani. Akimaliza kuosha hutia maji, kisha ndipo hunyunyiza unga. Na uji ukianza kukaza, haufufuliwi kwa kuongeza maji. Fuwele zilizovunjwa hazishikani tena sawasawa. Mikanda mingi inayobanduka ilibandikwa kwa uji wa namna hiyo.

Jipsamu peke yake ni tete. Mwaka 1856 Mfaransa Leonard Alexandre Desachy alipata hataza huko Uingereza ya kuitia kitambaa ndani. Kwetu mafundi hutandaza katani kati ya tabaka mbili za uji, nao mkonge unaotoa katani hiyo una safari yake: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo michache mashamba ya Tanga yakaenea.

Kuubandika ndiko kunakomtambulisha fundi. Penye kona mkanda hukatwa nyuzi 45, lakini kwa kuwa unakaa kwa mshazari, huegeshwa kwenye kisanduku cha kukatia kichwa chini, kana kwamba kitako cha kisanduku ndicho dari. Kona za nyumba zetu ni nadra kuwa mraba kamili, kwa hiyo kila moja hupimwa. Ukuta uliopakwa rangi hukwanguliwa kwanza ili uji upate pa kushika. Maungio hujazwa kwa uji uleule na kupanguswa kwa sponji mbichi kabla hayajakaza. Nakusihi usimharakishe fundi hapo: maungio mabaya huonekana kila taa ikiwashwa, miaka yote.

Usipake rangi mkanda ukiwa bado mbichi. Hata ukikauka una kiu kali, hivyo mkono wa kwanza uwe rangi ya maji iliyozimuliwa. Paa nalo likaguliwe mapema, maana lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2 za jasi. Bati likivuja, mkanda huingia madoa, hulainika, kisha hulegea.

Lakini maji yaliyofungwa ndani ni mlinzi. Moto ukiwaka chumbani, joto lake hutumika kwanza kuyafukuza yawe mvuke, na hadi yatakapokwisha, upande wa pili wa jipsamu hubaki karibu na nyuzi 100, huku watu wakipata dakika za kutoka nje.