Riyadha ilianza na wanafunzi
Ukitaja kituo cha Kiislamu chenye shule, iwe Tarime au Serengeti, mjadala unaanza na mabati na saruji. Mimi nauliza: nani atakaa darasani? Kule Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh, mzaliwa wa Komoro, aliwafundisha dini watumwa na watoto wao. Baadhi ya waungwana wa mji walichukia kwelikweli, maana elimu ile ilikuwa heshima yao peke yao! Yeye hakuacha. Msikiti wa Riyadha ulijengwa baadaye, mtaa wa Langoni, mwanzoni mwa karne ya 20. Madrasa ikakua, wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima, na waliohitimu wakaenda kufungua madrasa zao kwingine.