Visiki vya Bwawani: Nyumba ya Samaki, Adui wa Mtumbwi



Leo tunaweka jembe chini kidogo, tushike kafi. Tunajua kwamba wengi wenu hapa mkoani Morogoro hamtegemei shamba peke yake. Mahindi yakishaingia ghalani, mtu huchukua mshipi wake akaenda bwawani kutafuta kitoweo, na akibahatika hupata na cha kuuza. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini wapo wanaokwenda wasirudi, na chanzo chaweza kuwa kitu kidogo tu: kisiki kilichojificha shibiri moja chini ya maji.

Kisiki hicho hicho ndicho kinachokupa samaki. Basi tusikilizane vizuri. Tutazungumza jinsi ya kuvua kwenye miti iliyozama, na jinsi ya kurudi nyumbani salama.

BWAWA SI ZIWA

Ziwa la asili lina umri mkubwa, na chini yake aghalabu ni tope, mchanga na mawe. Bwawa ni bonde la mto lililozibwa. Chini yake kulikuwa na pori, mashamba, pengine na nyumba. Maji yalipopanda, watu walihama, lakini miti haikuhama.

Chukua mfano wa bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Lilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye mto Ruaha Mkuu, ili liweke akiba ya maji ya kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, hapa mkoani kwetu. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Ukipita barabara ya Iringa kwenda Dodoma utaiona miti iliyokufa imesimama majini, myeupe kama mifupa.

Utauliza, mbona haijaoza miaka yote hiyo? Sababu ni hii. Kuvu na mchwa wanaokula mti huhitaji hewa. Sehemu ya mti iliyo chini ya maji haipati hewa ya kutosha, kwa hiyo hukaa muda mrefu sana. Sehemu inayooza upesi ni ile ya usawa wa maji, ambayo leo imelowa na kesho imekauka. Hapo ndipo mti hukatika. Kilele huanguka, na shina hubaki limesimama, ncha yake ikiwa karibu kabisa na uso wa maji. Mti unaouona hauna hatari kubwa. Wenye hatari ni ule uliokwisha kukatika.

Jambo la pili ni kwamba maji ya bwawa hayatulii mahali pamoja. Mtera ikijaa, uso wake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendesha mitambo ni mita 690. Tofauti hiyo ni mita 8 na nusu, yaani zaidi ya urefu wa nyumba! Kisiki ulichopita juu yake mwezi Mei bila kukijua, mwezi Novemba kitapasua mtumbwi wako. Kwa hiyo usiseme, "Njia hii naijua." Uliijua ya mwezi ule.

Bwawa letu la Mindu ni dogo zaidi. Linapokea maji ya mto Ngerengere kutoka milima ya Uluguru, na mji wa Morogoro huyanywa. Hata hivyo kanuni ni ile ile: masika maji hupanda na kuingia vichakani, kiangazi hurudi nyuma na kuacha matawi na vigogo kwenye kina kifupi.

KWA NINI SAMAKI HUPENDA MITI

Samaki hukaa mtini kwa sababu tatu.

Kwanza ni chakula. Gamba la mti uliozama huota utelezi wa kijani, na perege huula utelezi huo kama mbuzi alavyo majani. Wadudu nao hujenga humo. Katika bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wako wadudu ambao watoto wao hutoboa vijishimo katika miti iliyozama na kuishi humo, na samaki huwala.

Pili ni maficho. Kifaranga cha perege akiwa peupe huliwa na kambale au ndege. Kwenye matawi ana pa kukimbilia.

Tatu ni kivuli. Jua likiwa kali, samaki husogea upande wa kivuli kama wewe unavyosogea chini ya mwembe.

Watu wa Benin, Afrika Magharibi, waliligundua jambo hili zamani. Huchomeka matawi katika maji ya kina kifupi, wakasubiri samaki wakusanyike, kisha wakavua. Marekani nako, wavuvi wanaomtafuta samaki aitwaye besi katika mabwawa yenye miti hawapotezi muda penye maji matupu. Hufuata gogo moja baada ya jingine. Besi huyo aliletwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1920. Sisi samaki wetu ni perege na kambale, lakini somo ni lile lile: mfuate samaki nyumbani kwake.

KUVUA KWENYE MITI

Wavu katika miti ni hasara. Utanasa, utachanika, na kipande kitakachobaki majini kitaendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Mahali hapa ni pa ndoana.

Tumia mwanzi mfupi na mshipi mfupi. Usirushe mbali. Sogea karibu na mti, kisha uteremshe ndoana wima kando ya shina, upande wa kivuli. Asubuhi na jioni anza na kina kifupi. Jua la mchana likiwaka, teremsha zaidi.

Kwa perege, chambo kizuri ni nyungunyungu, ambao utawapata kwenye samadi au chini ya migomba. Ugali mgumu uliokandwa vizuri nao wafaa. Boya la kuelea huna haja ya kulinunua. Kipande cha bua kavu la mtama kinatosha.

Ndoana ifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe, urefu wa mkono mmoja. Kisa ni nini? Ikinasa mtini, utakatika ule uzi mwembamba, upoteze ndoana moja tu. Mshipi wote utabaki mkononi. Chubwi nalo lifunge kwa uzi dhaifu.

Samaki akivuta, mwinue mara moja. Ukimpa nafasi atazunguka shina, na hapo umempoteza yeye na ndoana. Ndoana ikinasa, usiivute kwa nguvu ukiwa umesimama. Mtumbwi utapinduka mti ukiwa umesimama vile vile. Zunguka taratibu upande wa pili, uvute kutoka huko. Mara nyingi itatoka kule ilikoingilia.

Kambale ni jambo jingine. Yeye hutembea usiku, karibu na tope la chini. Usimfuate gizani kwa mtumbwi. Tega mshipi jioni kutoka ukingoni, weka chambo cha utumbo wa kuku, ufunge kwenye kijiti kinachonyumbuka ili asiukate, na urudi alfajiri. Usiku tega, usisafiri.

KUENDESHA MTUMBWI

Huko Ghana liko bwawa kubwa sana la Volta, lililoanza kujaa mwaka 1964. Lilizamisha misitu, na visiki vyake vinajulikana kwa kuvunja mashua za abiria. Sisi tusingoje mpaka tulie ndipo tujifunze. Zishike kanuni hizi:

1. Kabla ya kuondoka, tazama ukingo wa mtumbwi. Ukiwa umebeba watu na vitu, ubaki juu ya maji angalau shibiri moja. Ukiwa chini ya hapo, punguza mzigo.

2. Mtu mmoja akae mbele na upondo, akipima maji na kutazama. Anayeendesha akae nyuma na kumsikiliza. Mwenye macho ndiye anayeamuru, hata kama ni kijana wako.

3. Tazama maji. Mahali penye kijiwimbi kinachorudia pale pale, au ndege aliyesimama kama juu ya maji, pana kisiki.

4. Ondoka asubuhi maji yakiwa yametulia. Upepo ukiamka, mawimbi huficha visiki vyote. Bora urudi na samaki watatu kuliko kungoja wa kumi.

5. Ukifika mtini, funga mtumbwi mahali ambapo upepo unakusukuma uende mbali na mti, siyo uingie ndani ya matawi. Usiugonge wala kuupanda. Tawi lililooza huanguka, na mizinga ya nyuki hukaa humo.

6. Kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha. Usipokuwa nalo, usiende mikono mitupu. Dumu tupu la lita 20, kizibo kikiwa kimekazwa barabara, laweza kumshikilia mtu mzima asizame. Lifunge kwa kamba fupi, na hakikisha halivuji. Chukua pia kopo la kutekea maji.

7. Mwambie mtu nyumbani unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi.

Tena, uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla hujatia mguu majini. Na ukimaliza kazi usikae umeloweka miguu kwenye maji yaliyotuama, maana kichocho huingilia ngozini.

MTUMBWI UKIGONGA

Sasa umegonga. Ufanye nini?

La kwanza, usisimame. Wote wabaki wamekaa. Watu wakikimbilia upande mmoja, mtumbwi hupinduka hata kama haujatoboka.

La pili, usisukume mbele. Ukipanda zaidi juu ya kisiki utakaa kama mzani. Aliye upande ulionasa asogee taratibu, akiwa ameketi, kuelekea upande unaoelea. Kisha rudini nyuma kwa njia mliyojia.

La tatu, upepo ukikubana ubavu kwa ubavu na mti, egemeeni upande wa mti. Moyo utakuambia uukimbie mti, lakini ukiegemea upande wa upepo, maji yataingia kwa ukingo huo na kuujaza mtumbwi.

La nne, mkipinduka, shikeni mtumbwi. Wa mbao huelea hata ukijaa maji. Usiuache ukaogelea kwenda nchi kavu, kwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na katikati yako yamejaa matawi.

USIING'OE NYUMBA YA SAMAKI

Wapo wanaosema, "Basi tuikate miti yote, tupate kuni na njia." Njia ya mitumbwi yaweza kusafishwa na kuwekewa alama za maboya kwa makubaliano ya kijiji na Afisa Uvuvi. Lakini kuikata yote ni kuwafukuza perege.

Bwawa la Nyumba ya Mungu, huko Kilimanjaro, lilikamilika mwaka 1965. Mimea iliyozama ilirutubisha maji, wavuvi wakamiminika, na mwaka 1970 walivuliwa samaki zaidi ya tani 28,000. Baada ya miaka michache mavuno yaliporomoka. Rutuba ile ya kwanza huisha, na wavuvi wakizidi samaki hawana nafasi ya kukua. Bwawa ni kama shamba jipya lililochomwa pori: msimu wa kwanza usikudanganye.

Kwa hiyo rudisha majini samaki wadogo. Perege jike hutamia mayai mdomoni. Ukimpata na mdomo umejaa, ukimrudisha polepole umerudisha familia nzima. Acha makokoro. Na utupa, ndugu, ubaki kuwa dawa ya wadudu shambani. Ukitiwa mtoni huua wakubwa na wadogo pamoja, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Kata leseni, na kwa Mindu uliza kwanza mahali panaporuhusiwa, kwa kuwa maji yale ni ya kunywa.

Mwisho, tukumbuke shamba. Udongo unaoteremka kutoka mteremko usio na matuta kule Uluguru haupotei. Hushuka na Ngerengere mpaka Mindu, ukafunika mazalio ya perege na kupunguza kina. Weka matuta, panda majani ya kuzuia udongo, usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Anayelinda mteremko wake analinda pia kitoweo cha mwenzake aliye bondeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika bwawa lenu, ni visiki gani vinavyofichika maji yakipanda, na vipi maji yakishuka? Nani anavijua, na amewaonyesha vijana?

2. Mitumbwi mingapi kijijini ina jaketi au madumu ya kuokolea watu?

3. Mnaweza kukubaliana sehemu gani yenye miti iachwe bila kuvuliwa wakati perege wanapozaa?

Kazi njema, ndugu mkulima, na uende salama.