Mtoro Yuko Wapi?

Kazi yangu hapa Madale ni kuhariri tasnifu, na nikishafungua faili huwa naanza na marejeleo, sio sura ya kwanza. Wanafunzi wengi hudhani marejeleo ni suala la nukta na mkato. Mimi natazama nani ametajwa, na nani ameachwa.

Hivi karibuni nilihariri kazi ya mwanafunzi aliyetafiti jando na unyago wa Pwani. Kila alipotaja mila za zamani aliweka "Velten (1903)". Kitabu kipo kweli: Desturi za Wasuaheli kilichapwa Göttingen mwaka huo kwa jina la Mjerumani Carl Velten. Lakini sehemu kubwa ya maelezo yale ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Miaka nenda rudi, watafiti wakamnukuu Velten. Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotoka ndipo jina la Mtoro likawekwa kwenye kichwa cha kitabu, pamoja na Waswahili wengine waliochangia.

Nilimuuliza mwanafunzi: umesoma kipi? Akasema hicho cha 1981. Basi andika 1981. Kuandika 1903 ilhali kitabu cha mwaka huo hukukishika ni kumdanganya msomaji, maana atakwenda kutafuta ukurasa wako katika kitabu kingine asiuone. Anayekuta maneno ya mtu ndani ya kazi ya mwingine aseme hivyo: fulani, kama alivyonukuliwa na fulani. Na ukichukua maneno kama yalivyo, weka alama za mtajo na namba ya ukurasa. Mwaka peke yake hautoshi.

Aliporekebisha, jina la Mtoro nalo likaja limekatwa, limekuwa "Bakari, M." Huyo Mwinyi Bakari ni baba. Mtoro hakuwa na jina la ukoo la Kizungu, kwa hiyo nilimshauri mwanafunzi aliandike jina zima, chini ya herufi M, na afanye hivyo kwa wote wenye majina ya namna hiyo.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa sura ya nne. Mwanafunzi huyo alikuwa amezungumza na bibi mmoja, akajaza kurasa kwa maelezo yake, kisha akamwita "mzee mmoja wa Pwani". Maprofesa wote wana majina na miaka. Bibi hana hata mtaa. Nikamwomba arudi kwake amuulize. Akitaka kufichwa, afichwe, na tasnifu iseme kwamba jina limehifadhiwa kwa ombi lake. Akikubali, liingie jina lake kamili, mahali walipozungumzia na tarehe.