KUHARISHA: KWA NINI CHUMVI HUTAKA SUKARI

Akina mama wengi wanaotuletea watoto wanaoharisha hutuuliza: "Nesi, maji haya ya chumvi na sukari yanasaidia nini, mbona mtoto bado anaharisha?" Swali hilo ni la haki. Ili tulijibu, yatupasa tuutazame ukuta wa utumbo.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta wenye tabaka mbili. Chumvi na sukari haziwezi kupenya mafuta hayo hivi hivi. Hupita katika milango maalumu ya protini, na kila mlango una kitu chake unachokipitisha.

Ndani ya seli kuna nyuzi za protini zinazoishikilia, kama fito zinavyoshikilia nyumba ya udongo. Katika utumbo mwembamba nyuzi hizo husimamisha vinyweleo vidogo mno, ili nafasi ya kufyonza chakula iwe kubwa. Seli nazo zimeshikamana ubavu kwa ubavu, kama mkeka uliosukwa kwa kukazwa, ili vijidudu visipenye ovyo.

Kijidudu cha kipindupindu hakiubomoi ukuta huo. Hutoa sumu inayoingia ndani ya seli na kuiacha wazi milango ya kutolea chumvi. Chumvi ikimwagika utumboni, maji huifuata. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa, na kufa siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, mlango mmoja huendelea kufanya kazi. Huo hupitisha sukari ya glukosi pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi. Kimoja bila mwenzake hakipiti hapo. Vikipita pamoja, maji huvifuata kurudi mwilini. Jambo hilo lilielezwa na mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, mwaka 1960. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwashambulia wakimbizi katika kambi ya Bangaon nchini India, na maji ya mishipani yakawa haba. Dk. Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka wagonjwa kama 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Basi jibu letu ni hili: maji hayo hayafungi tumbo. Kazi yake ni kurudisha kilichopotea, na kinachoua ni upungufu wa maji.

Nyumbani tufanye hivi:

1. Tutumie pakiti ya ORS, kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, tuchanganye lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kujaza kilima. Sukari ikizidi huvuta maji zaidi utumboni, ndiyo maana soda haifai. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

2. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200. Akitapika, tungoje dakika 10, kisha tuendelee polepole kwa kijiko.

3. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula.

4. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

5. Tuombe zahanati vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Husaidia ukuta wa utumbo kupona.

Tusingoje asubuhi iwapo mtoto amelegea, macho yamedidimia, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu katika choo, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Hali kadhalika mtu yeyote anayeharisha choo kama maji ya mchele. Apelekwe hospitali mara moja, naye aendelee kunyweshwa njiani, kijiko kwa kijiko.