Ukurutu wa Mbwa: Kweli, Si Kweli

Mbwa akikatika manyoya, kila jirani huwa na dawa yake. Kwa mfugaji wa Majengo, Mpanda, tuyapime maneno yanayosemwa zaidi.

"Oili chafu ya gari huponya." Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini hubeba mabaki ya madini yenye sumu. Mbwa hujilamba, sumu ikashuka tumboni, nyingine ikapenya kwenye ngozi iliyochubuka. Mafuta ya taa nayo humuunguza mnyama ambaye tayari anateseka.

"Ukurutu wote ni mmoja." Si kweli. Vidudu vya Sarcoptes huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Muwasho wake haumpi mbwa usingizi, na huanzia ncha za masikio, viwiko na tumbo. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole: akirusha mguu wa nyuma kama anayejikuna, washuku hao. Demodex ni wengine. Mtoto wa mbwa huwapata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya, manyoya yakakatika kuzunguka macho na mdomo, mara nyingi bila kuwasha. Mabaka machache kwa mbwa mchanga huweza kupona yenyewe. Daktari hukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini, ingawa Sarcoptes huweza kukosekana kwenye ukwanguzi na bado wapo.

"Watu huambukizwa." Kweli kwa Sarcoptes: vipele huwasha mikononi na tumboni. Lakini wale wa mbwa hawadumu kwa binadamu. Mbwa akitibiwa, vipele navyo huisha. Demodex wa mbwa hawamsumbui mtu.

"Sindano ya ng'ombe inatosha." Hapa pana hatari. Ivermektini kweli huua vidudu hivi, lakini ile ya ng'ombe kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita 1, na mbwa wa kilo 10 huhitaji sehemu ndogo tu ya mililita hiyo. Ikizidi, hutetemeka, hupofuka, hata kufa. Mwachie daktari au afisa mifugo apime uzito kwanza. Sindano hurudiwa, kwa kawaida baada ya wiki 2, kwa kuwa mayai hayafi. Ikiwa ni Sarcoptes, mbwa wote wa nyumbani watibiwe pamoja, na matandiko yao yafuliwe kwa maji ya moto.

"Asiye na manyoya ana kichaa." Si kweli. Kichaa huletwa na virusi vya kwenye mate, na chanjo yake ipo. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.